Kabla Hujatia Saini Bima ya Maisha

Kama uliwahi kuchukua mkopo wa mshahara benki, basi kuna uwezekano mkubwa uliwahi kukatiwa bima ya maisha bila kujua. Zitafute karatasi za mkopo, uangalie pale walipoorodhesha makato ya mwanzo. Kuna ada ya kushughulikia mkopo, halafu kuna mstari mfupi ulioandikwa "bima". Wengi huupita mstari huo kwa kinyongo, kwa kuwa umepunguza fedha iliyoingia kwenye akaunti, na hawaurudii tena. Mkopaji akifariki, familia inabaki na hofu ya deni. Mjane anakwenda benki kuomba apunguziwe rejesho, wadhamini wanaanza kupigiana simu, na wapo wanaouza kiwanja ili marehemu asilale na deni. Kumbe deni lenyewe lilikuwa na bima, na kilichohitajika ni cheti cha kifo na barua ya kuiarifu benki.

Bima hii inafunika salio la mkopo, haifuniki kiasi chote ulichokopa. Mwalimu aliyekopa milioni 12 akafariki akiwa amebakiza milioni 5, kampuni ya bima inailipa benki hizo milioni 5. Familia haipewi fedha mkononi, ila inaondolewa mzigo. Mikataba mingi huhusisha pia ulemavu wa kudumu, na michache hugusa hata kupoteza ajira. Marejesho ambayo mkopaji alikuwa ameyachelewesha kabla ya kufariki mara nyingi hayalipwi. Na ukiongeza mkopo kabla ya kumaliza ule wa kwanza, uliza waziwazi kama bima nayo imefuata salio jipya.

Kwa aliyefiwa, ushauri wangu ni huu: usikubali jibu la mdomo la dirishani. Andika barua, ambatanisha nakala ya cheti cha kifo, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo mapema, maana mikataba huweka muda wa kutoa taarifa. Mambo yakikamilika, dai barua inayosema deni limefutwa. Kama nyumba au shamba liliwekwa rehani, usitoke pale mpaka ujue hati inarudi lini na kwa mkono wa nani.

Nimeanza na bima ya mkopo kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri tatizo letu. Tunalipia vitu tusivyovisoma, na wanaopaswa kuvidai hawajui kama vipo.

Wazo lenyewe la bima si geni kwetu. Mtaa wenye chama cha kufa na kuzikana tayari una bima. Kila mwanachama anatoa elfu chache kwa mwezi, na msiba ukitokea mfuko unanunua sanda au jeneza, unakodi turubai na viti, unapika chakula cha waombolezaji. Hakuna anayedai kurudishiwa michango yake eti kwa sababu mwaka umeisha bila kufiwa. Kampuni ya bima inafanya hivyohivyo kwa maelfu ya watu wasiojuana, na kwa kuwa hawajuani, pale palipokuwa na ujirani panawekwa hesabu na mkataba. Mwenyekiti wa chama anaweza kumwonea huruma mwanachama aliyechelewesha mchango. Kampuni inasoma kilichoandikwa.

Hesabu hiyo ni ya siku nyingi. Katika miaka ya 1740 wachungaji wawili wa Kanisa la Scotland, Robert Wallace na Alexander Webster, walitaka mfuko wa kuwatunza wajane na yatima wa wachungaji wenzao. Walikusanya kumbukumbu za kanisa lao, wakamshirikisha mwanahisabati Colin Maclaurin, wakakuta kwamba katika wachungaji wapatao 930 waliokuwa hai, wastani wa 27 walikuwa wakifariki kila mwaka, na 18 kati yao wakiacha wajane. Nani atakufa mwaka ujao hawakuweza kusema, wala hawakuhitaji kusema. Walichohitaji kujua ni idadi, ili wapange kila mtu achangie kiasi gani. Mfuko ulianzishwa mwaka 1744. Ada unayotajiwa leo na kampuni ya Dar es Salaam au Nairobi inatoka kwenye hesabu ya ukoo huohuo: umri wako, afya yako, kazi yako, na watu wa aina yako hufariki kwa kasi gani.

Ndiyo maana kijana wa miaka 28 hulipa kidogo kuliko mtu wa miaka 50 kwa kinga ileile, na ndiyo maana fomu ina maswali mengi. Kwenye fomu hiyo ndiko fedha za bima zinakopotelea.

Picha yenyewe ni hii. Wakala amekuja ofisini kwenu saa ya chai. Ameketi pembeni ya meza yako, fomu ameishika yeye, kalamu ameishika yeye. Anasoma maswali harakaharaka: umewahi kulazwa, una ugonjwa wowote wa kudumu, kuna dawa unayotumia kila siku? Unamwambia una presha kidogo, unameza kidonge kimoja asubuhi. Anacheka. "Bosi, presha siku hizi nani hana? Tuweke hapana, tusije tukaambiwa ukapimwe." Anatia alama, anakugeuzia karatasi, unasaini, mnamalizia chai.

Saini ile ni yako, si yake. Miaka minne baadaye unapata kiharusi na kufariki. Mkeo anapeleka madai, na kampuni inaomba kumbukumbu za hospitali, jambo ambalo wewe mwenyewe uliliruhusu katika aya ya mwisho ya fomu. Kadi ya kliniki inaonyesha ulikuwa ukitibiwa presha kabla hujakata bima. Dai linakataliwa, au mjane anarudishiwa ada ulizolipa na kushukuriwa. Wakala alishachukua kamisheni yake zamani, na huenda hata hafanyi kazi hiyo tena.

Katika sheria ya bima tuliyoirithi kutoka Uingereza, anayeomba bima anatakiwa kusema kila jambo analolijua ambalo lingeifanya kampuni ifikiri mara mbili. Kanuni hiyo iliwekwa wazi na Jaji Mansfield mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm, iliyohusu bima ya ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra ambayo ilitekwa na Wafaransa. Hoja ya jaji ilikuwa nyepesi: mwenye mali ndiye anayeijua hali yake, anayekubali kubeba hasara anategemea maneno yake. Kinachosahauliwa ni kwamba kesi hiyo alishinda mwenye bima, kwa kuwa mambo aliyodaiwa kuyaficha yalikuwa yakijulikana na yule aliyekubali kumkatia. Uaminifu unadaiwa kwa pande zote mbili.

Basi jaza fomu kwa mkono wako. Kama una kisukari, andika kisukari. Yatakayotokea ni kupandishiwa ada, au kuambiwa ugonjwa huo hautafidiwa kwa muda fulani, au kukataliwa. Yote matatu ni afadhali kuyasikia ukiwa hai kuliko kuyaacha yamsubiri mjane. Kisha piga picha kila ukurasa wa fomu kwa simu kabla wakala hajaondoka nayo, maana hati ya bima hutolewa baadaye, na ubishi ukija utakuwa juu ya kile kilichoandikwa siku hiyo.

Sehemu ya pili ya fomu inayoleta machozi ni ile ya mnufaika, yaani anayelipwa ukifa. Watu huijaza kama wanaandika salamu. Utakuta mtu ameandika "mke wangu na watoto". Mke yupi? Watoto wangapi, na wale wa nje ya ndoa wamo? Mwingine ameandika "Mama Zuhura", jina analolijua mtaa mzima, wakati kwenye kitambulisho cha NIDA anaitwa Mwanahamisi Salum na kwenye cheti cha ndoa ni Mwanahamisi Said. Mama huyo atazungushwa kwa viapo vya majina mpaka achoke. Andika majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, uhusiano, namba ya simu, na asilimia ya kila mmoja ili jumla ifike 100.

Ukiacha nafasi hiyo wazi, au uliyemwandika akawa ametangulia kufa, kwa kawaida fedha inaingia kwenye mirathi. Hapo ndipo familia inapoanza safari: kikao cha ukoo na muhtasari wake, kufungua shauri mahakamani, kusubiri tangazo, kupata barua ya usimamizi wa mirathi, kisha msimamizi ndiye apokee fedha na kugawa. Kama ukoo una amani, ni miezi. Kama hauna, hesabu miaka, na ada ya shule haisubiri. Mnufaika aliyetajwa vizuri anapunguza safari hiyo yote.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kukabidhiwa milioni 20 mkononi, kwa hiyo ukimwandika, taja pia mtu mzima atakayezipokea kwa niaba yake. Mchague kwa makini kuliko unavyomchagua msimamizi wa harusi. Na ndoa ikivunjika, rudi ukabadilishe fomu, maana kampuni haijui kwamba mliachana. Kuna watalaka waliolipwa kwa haki kabisa, kwa sababu jina lao ndilo lililobaki kwenye karatasi.

Huwezi kumkatia bima ya maisha mtu yeyote tu. Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na mchezo wa kukata bima juu ya maisha ya watu mashuhuri na wagonjwa, kisha kukaa kusubiri wafe, mpaka Bunge lilipotunga sheria mwaka 1774 iliyotaka mkataji awe na maslahi ya kweli katika uhai wa anayekatiwa. Mume na mke wanayo maslahi hayo, mkopeshaji anayo kwa mdaiwa wake, mwajiri kwa mfanyakazi wake. Jirani hana.

Sasa aina. Wakala atakuletea majina mazuri mazuri: elimu, malengo, ndoto, heshima. Yaondoe majina hayo uangalie mfupa. Kuna bima ya muda maalumu. Unalipa kwa miaka, tuseme, 10 au 15, na ukifa ndani ya muda huo familia inalipwa. Usipokufa hupati kitu, kama vile usivyodai michango ya chama cha kufa na kuzikana. Kuna bima ya maisha yote, inayolipa siku yoyote utakayofariki, na ada yake ni kubwa zaidi kwa kuwa kampuni ina hakika italipa. Na kuna bima yenye akiba ndani yake, ambayo ndiyo mama wa "bima za elimu" zote. Ukifa analipwa mnufaika, ukiishi mpaka mwisho unalipwa wewe.

Hiyo ya tatu ndiyo inayouzwa kwa nguvu kuliko zote, na mimi nina shaka nayo kwa familia nyingi za kipato cha kawaida. Wateja huipenda kwa sababu "fedha yangu hairudi patupu". Mawakala huipenda kwa sababu ada yake ni kubwa, na kamisheni hufuata ada. Fanya hesabu uone. Unalipa 50,000 kwa mwezi kwa miaka 10, jumla umetoa milioni 6. Tuseme hati inaahidi milioni 7 mwishoni. Shilingi zilezile 50,000 zikiwekwa kila mwezi mahali panapozaa asilimia 8 kwa mwaka, zingefika kama milioni 9.1. Tofauti ya milioni mbili ndiyo bei ya kinga ya kifo na gharama za kampuni. Je, kinga hiyo ina thamani ya milioni mbili? Mtu wa miaka 30 mwenye afya aombe bei ya bima ya muda maalumu yenye kiasi hichohicho, alinganishe. Mara nyingi ataona kwamba angeweza kununua kinga kubwa zaidi kwa ada ndogo, na kinachobaki akakipeleka kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT, hatifungani, au SACCOS anayoiamini.

Halafu kuna mfumuko wa bei. Ukiahidiwa milioni 10 baada ya miaka 15, na bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, milioni 10 hizo siku hiyo zitanunua vitu vinavyonunuliwa leo kwa milioni 5 na nusu hivi. Bango la wakala lenye picha ya kijana aliyevaa joho la mahafali halisemi hivyo. Muulize: kiasi hiki kinaongezwa kila mwaka, au ni hikihiki mpaka mwisho? Je, kuna bonasi, na imehakikishwa kwenye mkataba au ni matarajio? Neno "matarajio" ukiliona kwenye jedwali lenye namba kubwa, shika kalamu uzungushie duara.

Kwa upande mwingine, kuna mtu mmoja ambaye bima yenye akiba inamfaa, naye ni yule ajijuaye kwamba fedha ikiwa karibu lazima aiguse. Makato ya kila mwezi yanamlazimisha. Nidhamu ya kununua ni ghali, lakini ni nafuu kuliko kukosa nidhamu kabisa. Nchini Kenya pia kuna sababu ya kodi: mlipakodi mkazi hupata nafuu ya asilimia 15 ya ada ya bima ya maisha au elimu, isiyozidi shilingi za Kenya 60,000 kwa mwaka, na kwa bima ya elimu mkataba uwe wa miaka 10 au zaidi. Nafuu hiyo inabadilisha hesabu, kwa hiyo msomaji wa Kenya aifanye upya.

Kinga ya kiasi gani inatosha? Watu wengi hununua kwa kuangalia ada wanayoimudu, wakaishia na milioni 2 za mkono wa pole, ambazo huishia kwenye msiba wenyewe. Anzia upande wa pili. Nyumba yako inatumia 600,000 kwa mwezi, ambazo ni milioni 7.2 kwa mwaka. Ipe familia miaka mitano ya kujipanga, unapata milioni 36. Ongeza milioni 10 za ada za watoto wawili mpaka wamalize sekondari. Toa akiba ya milioni 6 iliyopo. Unabaki na pengo la milioni 40. Deni la benki usilihesabu ikiwa lina bima yake. Angalia pia mafao ya warithi kutoka NSSF au PSSSF, na kama kifo kitatokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nao unahusika. Ukishajua pengo, bima ya muda maalumu ya milioni 40 inaweza kugharimu kidogo kuliko ile ya elimu ya milioni 7, na hapo ndipo watu hushangaa.

Bachela asiye na anayemtegemea hahitaji bima ya maisha. Mwambie wakala asante, ununue bima ya afya.

Mambo ya muda nayo yana mitego yake. Bima ndogondogo za mazishi na zile za kwenye simu mara nyingi huwa na kipindi cha kusubiri, kwa mfano miezi mitatu au sita, ambapo kifo cha ugonjwa hakilipwi ingawa cha ajali hulipwa tangu siku ya kwanza. Kifo cha kujiua hakilipwi katika mwaka wa kwanza au miwili ya mwanzo kwenye mikataba mingi. Ukichelewa kulipa ada unapewa siku chache za ziada, mara nyingi 30, zikiisha bima inakufa kabla yako. Zile za kwenye simu hukatwa salio likiwepo, na salio lisipokuwepo hakuna anayekuja kugonga mlango kukukumbusha.

Na ukitaka kujitoa mapema? Kwenye bima ya muda maalumu hakuna cha kurudishiwa. Kwenye bima yenye akiba, thamani ya kujitoa katika mwaka wa kwanza au wa pili huwa sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu ada za mwanzo zimeliwa na kamisheni na gharama za kuandaa mkataba. Omba jedwali la thamani ya kujitoa mwaka kwa mwaka kabla ya kusaini. Kama tayari umo ndani na kipato kimeyumba, usiache tu kulipa kimyakimya. Nenda uulize kama mkataba unaweza kugeuzwa kuwa wa kiasi kidogo usiodai ada tena. Mikataba mingi yenye akiba inaruhusu hivyo baada ya miaka miwili au mitatu.

Ulizia pia ofisini. Waajiri wengi huwakatia wafanyakazi bima ya kundi inayolipa mishahara ya miaka kadhaa mfanyakazi akifa, na fomu ya mnufaika ilijazwa siku ya kwanza kazini, ulipokuwa hujaoa na ukamwandika mjomba. Kinga hiyo kwa kawaida huisha siku unayoacha kazi, kwa hiyo isiwe nguzo yako pekee.

Tofauti moja na bima za mali inafaa kuijua. Bima ya mali inakurudisha ulipokuwa, haikutajirishi. Gari lenye thamani ya milioni 15 likiteketea, hulipwi milioni 25 hata kama umezilipia. Na ukikatia nyumba ya milioni 100 bima ya milioni 50, moto ukaunguza vya milioni 20, unaweza kulipwa milioni 10 tu, kwa hoja kwamba nusu ya hatari uliibeba mwenyewe. Uhai hauna bei ya soko, kwa hiyo mkataba unataja kiasi na ndicho kinacholipwa. Ukiwa na bima za maisha mbili, zote mbili zinalipa. Kwa upande wa magari, wengi bado hudhani bima ndogo inawalinda wao. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Lako utalitengeneza kwa mfuko wako, labda uwe na bima kubwa. Ila usisahau upande wa pili wa shilingi hiyo: ukigongwa wewe, au mtoto wako akigongwa na bodaboda, bima ya aliyegonga inakuhusu, na fomu ya polisi ya PF3 pamoja na taarifa ya polisi ndizo ngazi ya kuifikia.

Kwa Waislamu wanaoiepuka bima kwa sababu ya riba na kubahatisha, kuna takaful. Washiriki wanachangia mfuko wa kusaidiana, kampuni inausimamia kwa malipo yaliyotajwa, na fedha haiwekezwi kwenye riba wala biashara za haramu. Kenya ilipata kampuni ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2011, na Tanzania nayo imeshafungua mlango. Soma mkataba wake kwa jicho lilelile. Fomu yake nayo inauliza kama una presha.

Kabla hujatoa shilingi, hakiki. Kwa Tanzania, msimamizi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kampuni, dalali na wakala wote wanatakiwa kuwa na leseni, na stika ya gari unaihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA-MIS. Kenya kuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, usilipe kwenye simu ya wakala, hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Dai likikataliwa, usiondoke na "tumekataa" ya simu. Omba barua inayotaja kifungu cha mkataba kilichotumika. Kisome kifungu hicho chote, mara nyingi kina sentensi ya pili inayokusaidia. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa maandishi kwa uongozi wa kampuni, kisha TIRA au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako huhitaji wakili. Na usisaini hati ya kukubali malipo kamili na ya mwisho kwa sababu ya njaa ya siku hiyo. Ukishaisaini umeufunga mlango.

Jioni hii chukua karatasi moja. Andika jina la kampuni, namba ya hati, kiasi, namba ya simu ya ofisi, na hati yenyewe iko kabati gani. Ongeza mikopo yako yote na kama ina bima. Mpe mwenzi wako nakala, umwambie kwa mdomo ina nini, na nyingine umpe ndugu mmoja unayemwamini. Kama hujui mkopo wako una bima, kesho pita benki uulize.